Nyumba Moja, Anwani Moja

Bibi Mazu, mungu wa hekalu letu, anatawala bahari na mawimbi yake, lakini mlango wa mtu haujui mpaka aelekezwe. Ndiyo maana kwetu mtu akipiga magoti mbele yake hutaja kwanza jina, kisha siku aliyozaliwa, kisha anapoishi, barabara na kichochoro, ndipo aanze kumwaga shida zake. Na mwaka mpya ukikaribia watu huja hekaluni kuwashiwa taa za amani, kila nyumba na karatasi yake ya dua itakayosomwa mbele ya Bibi na kuchomwa. Zamani karatasi hizo ziliandikwa kwa brashi, na waandishi walipata vibyongo kabla ya uzee. Siku hizi zinatoka kwenye printa ya Liao Ching-shui.

Ching-shui alikuwa karani wa ushirika wa wakulima wa vitunguu saumu mpaka alipostaafu, mtu wa maneno machache na penseli iliyochongwa vizuri. Ile fomu aliitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta ya hekalu, akiwa na kitabu cha mafunzo mapajani na chai iliyopoa pembeni. Juu ya karatasi kuna kisanduku. Ukikibonyeza, inashuka orodha ya wenye nyumba wote wa mji. Unachagua jina moja, na papo hapo karatasi inajijaza yenyewe: anwani, watu wa nyumba hiyo, tarehe zao za kuzaliwa, kila kitu mahali pake. Watu walipenda kusimama nyuma yake waone. Anachaguliwa baba, na wanawe wanatokea mstari chini ya mstari kama walioitwa kula.

Nyumbani kwa Ching-shui mwenyewe hakukuwa na wa kuitwa kula. Mkewe, Su-man, alifariki mwaka juzi, na kwa kuwa taa za amani ni za walio hai, Ching-shui ndiye aliyelifuta jina la marehemu kwa kidole chake mwenyewe. Sasa akijichagua kwenye orodha yalitokea majina mawili, lake na la binti yao Hsiang-ling, yote chini ya anwani moja: ile nyumba ya vigae vya kijani nyuma ya kiwanda cha tofu. Hsiang-ling alikuwa ameihama nyumba hiyo zamani. Alikwenda kufanya kazi Taipei, kisha Taoyuan, kisha mahali pengine hukohuko Taoyuan.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana ugomvi una pa kuushikia. Ni kwamba tu, miaka yote, binti alipopiga simu baba ndiye aliyepokea, na alichosema ni, "Ni wewe? Haya, ngoja nikupe mama yako." Su-man akishaishika simu, kabla ya salamu wala nini, huuliza, "Umekula?" Hapo maneno yakafunguka: bosi mkorofi, bei ya kabichi, jirani aliyefuga jogoo ghorofani. Ching-shui husikiliza upande mmoja wa mazungumzo hayo akiwa nyuma ya gazeti, moyo umetulia. Alidhani na yeye alikuwa akizungumza na mwanawe.

Baada ya mazishi ndipo alipogundua kwamba hakuwahi. Siku hizi kila asubuhi alimtumia kwa simu picha ya maua yenye maandishi ya kumtakia siku njema, naye binti alijibu kwa katuni ya sungura anayerukaruka. Sungura yule alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote katika ukoo wa Liao.

Mambo yangebaki hivyo kama si Bi Yueh, muuza keki za mchele sokoni, kuingia ofisi ya hekalu siku moja na aproni yake, amefura. Mwanawe Jung-fa alikuwa ameanguka na pikipiki huko Taichung na kuvunjika mfupa wa bega. Bi Yueh aliitandika mezani nakala ya dua yake ya mwaka uliopita.

"A-Shui, hebu nisomee. Jung-fa anaishi wapi hapa?"

Ching-shui akavaa miwani. "Kwako, Dada Yueh."

"Kwangu! Mtoto yuko Taichung tangu atoke jeshini. Mwaka mzima umemtuma Bibi Mazu akalinde kitanda kitupu na mitungi yangu ya figili. Figili nazo, nakubali, hazijaota hata ukungu. Mtoto je?"

Ching-shui alimweleza kwamba fomu inajua nyumba moja na anwani moja. Ukimchagua mwenye nyumba, wote walio chini yake wanakwenda pamoja. Bi Yueh akasema basi afute hapo aandike Taichung, kuna ugumu gani? Akafuta, akaandika. Lakini alipolichagua jina tena ili amwoneshe, Taichung ikatoweka na Barabara ya Hekalu, anwani ya mama, ikarudi palepale. Bi Yueh akaguna kwamba kompyuta hiyo ina kichwa kigumu kama mwenyewe.

Ikabidi ifanyike inavyotakiwa. Ching-shui alikwenda kwenye jedwali lililo nyuma ya fomu, akamtoa Jung-fa katika nyumba ya mama yake na kumfanya mwenye nyumba, na jina lake mwenyewe kwenye orodha. Bi Yueh alimtajia anwani ya Taichung bila kusita, mpaka rangi ya mlango, ambayo fomu haikuihitaji. Karatasi ya Jung-fa ilipotoka aliikagua akatikisa kichwa kuridhika. Kisha ikatoka ya kwake. Juu lilikuwa jina lake, na chini yake mistari mitupu mpaka mwisho wa ukurasa.

Aliigeuza, akaangalia na upande wa nyuma. "Karatasi nzima kwa mtu mmoja," akasema. "Mngenipa hata nusu."

Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni. Alipofika mlangoni aligeuka, maana Bi Yueh hajawahi kuumia peke yake. "Na msichana wako? Bado analala chumba cha juu?"

"Nitarekebisha."

"Anakaa wapi siku hizi?"

"Taoyuan."

"Taoyuan ni kubwa, A-Shui. Bibi Mazu agonge milango mingapi?"

Neno likishafika kwenye meza ya keki za mchele limefika mji mzima. Siku zile watu walimiminika ofisini kuwatoa watoto wao majumbani: huyu ana wawili Kaohsiung, yule ana mmoja Japani, mwingine ana wanne na hakuna aliyebaki. Wengi walizijua anwani kwa moyo. Wachache walipiga simu palepale, wakawafokea watoto wao kwa mapenzi, wakaandika viganjani. Ching-shui aliwahudumia wote. Orodha ikawa inarefuka kila siku, na karatasi za mji wetu zikawa zinabaki na jina moja moja. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, ila printa ilikuwa ikilisema asubuhi mpaka jioni.

Nyumba aliyoiruka ilikuwa moja tu, ya kwake. Hakuwa mtu wa kuamini kila kitu. Alijua mifupa huvunjika hata kwenye anwani sahihi. Lakini Hsiang-ling naye alikwenda kazini kwa pikipiki, katika mvua ya kule kaskazini isiyojua kukatika, na wazo la Bibi Mazu kukalia chumba cha juu akilinda shuka za miaka ile lilimfuata mpaka nyumbani. Kuuliza si ujinga, ndivyo wasemavyo. Ila baba akimuuliza mwanawe anakoishi ni kama anavua shati barabarani, kila mtu anaona mbavu. Aliandika ujumbe akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta. Akatuma picha ya maua, na sungura akaruka.

Kamati ya hekalu ikataka karatasi zote zikabidhiwe kwa mtawa msomaji. Alasiri ya siku ya kukabidhi, manyunyu yakidondoka kwenye paa la ua, Ching-shui alifunga mlango wa ofisi, akakaa mbele ya kompyuta na kumpigia binti yake.

"Baba? Kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nataka anwani yako."

"Ya nini?"

"Ya taa. Fomu inaitaka."

"Sasa hivi imeandikwa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Miaka yote hii?"

"Ndivyo inavyojijaza," akasema.

Kisha binti akaanza kumtajia, na baba akawa anarudia kila neno nyuma yake kama karani anavyofundishwa: wilaya, barabara, sehemu ya pili ya barabara, kichochoro, jengo, ghorofa ya saba. Alikosea nambari ya kichochoro kwa makusudi, au labda kwa bahati, na ikabidi waanze tena. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, na Ching-shui alitamani Taoyuan ingekuwa na vichochoro zaidi.

"Nani mwingine wa kuandika hapo?" akauliza, kwa sauti ileile anayowauliza watu wote.

"Hakuna. Mimi tu, Baba."

Akaandika. Akalichagua jina la binti yake kwenye orodha, na karatasi ikajijaza: Taoyuan, ghorofa ya saba, jina moja, na mistari mitupu. Akajichagua mwenyewe. Nyumba ya vigae vya kijani, jina moja, na mistari mitupu. Kwa muda akachagua hili, akachagua lile, akitazama jinsi kila mmoja alivyotokea na mwenzake akatoweka.

"Tayari?" akauliza Hsiang-ling.

"Tayari."

Hapo maneno yakawaishia. Alimsikia anavyopumua, na nyuma yake kitu kama televisheni ya jirani. Alijua sasa binti ataaga, na akishaaga watarudi kwenye maua na sungura mpaka mwaka mwingine, au mpaka mmoja wao aanguke kweli. Alitafuta la kusema kila kona ya kichwa chake, akakuta patupu. Mdomo ukafanya lile ulilozoea.

"Haya," akasema, "ngoja nikupe mama yako."

Simu ilikuwa imeshatoka sikioni, mkono umenyooka kuelekea kiti cha wageni, kabla hajajisikia alichosema. Kwenye kiti ulikuwepo mwavuli wake, unachuruzika. Alibaki hivyo, mkono hewani, akiona haya na uchungu kiasi kwamba angeweza kuikata simu na kusingizia mtandao. Kidole kilishaanza kukitafuta kitufe.

Kisha sauti ndogo ikatoka kule mkononi, ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Haya. Nangoja."

Ching-shui akairudisha simu sikioni taratibu. Akakohoa. Alimkumbuka Su-man akiwa amesimama jikoni, bega limeibana simu, kisu mkononi, hana haraka na dunia. Akajaribu kukaa kama yeye.

"Umekula?" akauliza.

Kule Taoyuan binti yake akaanza kulia, na katikati ya kilio akasema bado, hajala.