Katikati ya Rangi Mbichi

...mpaka viuno vikagongana, ndipo nikajua tumekwisha, mimi huku na mkwe wangu kule, kila mtu na brashi yake mkononi, rangi nyekundu mbichi imetuzunguka pande zote, na chini yetu pamebaki pakavu padogo hata paka hawezi kujinyoosha, jamani, watu wazima na akili zetu, ukumbi una milango miwili, mmoja unatazama mtaa wa juu na mmoja mtaa wa chini, basi kwa ubishi tu kila mtaa ukaanza kupaka sakafu mlangoni kwake, ukirudi kinyumenyume kwenda katikati, tuone nani atafika kwanza, hakuna aliyejiuliza watu watatokea wapi, waliokuwa pembeni wakapanda madirisha wakaruka nje kama mbuzi, tukabaki sisi wawili, na Bwana Utaratibu, mwenyekiti wetu, mtu asiyeweza kupiga chafya bila kuitisha kikao, ndiye aliyetoa ruhusa, sasa kasimama mlangoni anapaza sauti, "Msikanyage! Rangi imekwisha, hakuna nyingine! Naomba utulivu, ubao unatafutwa!" utulivu gani tena baba, tunakwenda wapi...

na goti nalo limeanza, nalijua lile, likishaanza halinyamazi, na jirani yangu mshona nguo yuko dirishani anacheka mpaka anajifuta machozi, "Shoga, mkae hapohapo muwe sanamu ya mtaa!" cheka, cheka tu, zamu yako yaja, lakini kusema kweli ukumbi umependeza, ulikuwa nyumba ya popo huu, mvua ikinyesha ndani kuliko nje, watoto wakija kusoma wanaondoka wamelowa, leo bati ni jipya, vioo vipo, mchanga tumeubeba kwa ndoo sisi wenyewe, mimi na magoti yangu haya, na nyaya zimepita ukutani zimenyooka hata taa hazijawashwa unaona kazi ya mtu... nyaya, haya, tumefika kwenye nyaya, maana aliyezipitisha ni huyo hapo dirishani, fundi umeme wa mtaa wa chini, yeye hacheki, anamtazama mkwe wangu, ananitazama mimi, halafu anatazama viatu vyake, "Shikamoo, mama," "Marahaba," sijui ya ngapi hiyo tangu asubuhi, mtu mmoja ataniamkia mpaka lini, na asubuhi niliona, msidhani sikuona, mkwe wangu tunayelala naye nyumba moja, mtaa wa juu, kaingia kwa mlango wa chini, kachukua brashi upande wa kule, nikasema moyoni, haya, kumekucha...

alipofariki mwanangu nilijua atafunga mizigo, ni haki yake, wazazi wake walikuja kumchukua, gari limesimama nje, akawaambia nitabaki na mama kidogo, na hicho kidogo hakijaisha hadi leo, ananisuka huku akinisema, tunagombania dirisha, yeye anataka wazi mimi nataka limefungwa, redio yangu anaipunguza sauti akidhani nimelala, silali, namsikia, napenda kumsikia akipita... "Mama," ananong'ona nyuma ya bega langu, "nilitaka tuzungumze nyumbani, siyo hapa," "Basi usinizungumzie hapa," "Fundi anataka kuleta posa. Nimemwambia asubiri. Ukisema hapana, mama, ni hapana, na sitakununia," eti sitakununia, afadhali angesema atanuna, ningepata pa kushikia, maana hapana ninayo, ipo mdomoni tayari tangu niliposikia minong'ono ya watu bombani, nani ataniambia mama vaa sweta, nani nitamgombeza asubuhi, nyumba ile ikinyamaza inanitisha, sisemi uongo, na mwanangu je, mtaani wakitaja jina lake wanashusha sauti, huyu peke yake ndiye tunayeketi naye tukamcheka marehemu, alivyokoroma, alivyopoteza funguo akiwa amezishika, akiondoka huyu nitamcheka na nani... mbona anayumba, "Wewe, unayumba nini, utanisukuma kwenye rangi," "Siyumbi, mama," anayumba, nageuza shingo polepole, natazama chini, na...

yuko mguu mmoja, mguu mmoja tu, wa pili kaukunja nyuma kama korongo, maana hii miguu yangu miwili na uvimbe wake imechukua pakavu pote, naye hajasema neno, watu wanacheka, Bwana Utaratibu anahutubia, mimi nanung'unikia goti, yeye kasimama mguu mmoja, "Tangu saa ngapi umesimama hivyo?" "Si kitu, mama, nimezoea," nimezoea, ee Mungu wangu, kweli amezoea, ndivyo anavyoishi kwangu, kicheko chake anakikata nikiingia na uso wangu wa huzuni, magauni yake mazuri yamekaa kabatini kwa sababu mimi bado navaa nyeusi, akialikwa mahali anasema mama yuko peke yake, na mimi nilikuwa nasema moyoni, ananipenda huyu mtoto, na ananipenda, hilo sina shaka nalo, ila mimi ninayempenda nimekuwa nikimwachia nafasi gani, hii, ya unyayo mmoja, sikumzaa lakini leo tumbo linaniuma kama nilimzaa...

"Ubao uko wapi?" nauliza kwa sauti, "Umepatikana mmoja, una misumari! Utaratibu unaendelea!" utaendelea mpaka tuote mizizi, "Niegemee," namwambia, "Mama, goti lako," "Goti ni langu, niegemee nimesema," anaegemea, kidogo, halafu kweli, mzito kumbe, miaka yote hii sikuwahi kuujua uzito wake, na kabla sijajizuia nimeshaita, "Wewe fundi!" hata mshona nguo kafunga mdomo, jambo ambalo halijapata kutokea, fundi kashika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, "Naam, mama," "Una wazee?" "Ninao, mama, baba mdogo yupo, na shangazi," "Basi waambie waje nyumbani tuzungumze, mambo ya watu wazima hayaongelewi dirishani," nje kelele, vigelegele, Bwana Utaratibu anauliza kama hilo lilikuwa kwenye ajenda, na nyuma yangu mgongo wake unatetemeka, analia au anacheka sijui, sigeuki, nikigeuka tutaanguka wote wawili, rangi bado mbichi, ubao haujaja, goti linawaka moto, moyo unaniuma na sitaki uache, "Shusha huo mguu," namwambia, "shusha chini, mwanangu, tutabanana."