Chaji Iliyobaki

Kwa miezi minane nilibishana na Rupert kuhusu gari langu la umeme, na kwa miezi minane nilimshinda. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nimefundisha fizikia sekondari miaka thelathini na mitatu, na Rupert ni fundi magari ambaye hoja zake zote huanza na neno "sikiliza". Gereji yake iko mtaa wa Mfaranyaki, imepakana na kibanda ambamo Ashura hushona nguo. Jioni nilikuwa napaki pale makusudi kabisa, nikijua atanianza.

"Sikiliza, Mwalimu," alikuwa akisema huku akijifuta mikono kwa tambara lililolowa oili. "Hiyo gari haina mdomo. Sasa inapumua wapi?"

"Haipumui. Haichomi mafuta."

"Ndiyo maana nasema siyo gari. Umenunua friji yenye matairi."

Watu walicheka, na mimi nikawaacha wacheke kwanza, maana nilijua zamu yangu inakuja. Alisema umeme wetu unakatika, nikamwambia hata sheli umeme ukikatika pampu zinalala. Alisema mvua italipiga shoti, nikamwuliza kama amewahi kuona simu yake mwenyewe ilivyozibwa isiingie maji. Aliuliza likiharibika litatengenezwa na nani hapa Songea. Hapo nilimjibu kwamba halina plagi za kuwasha mafuta, halina klachi, halina bomba la moshi, kwa hiyo vingi anavyovijua kuharibika havimo. Alinuna siku mbili kwa jibu lile.

Ashura alikuwa akisikiliza yote, mguu juu ya pedeli ya cherehani. Ni mtu wa Namasakata, kule Tunduru, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, asiyependa kuingilia maneno ya wanaume. Siku moja tu aliuliza. Alitaka kujua mtu akiishiwa chaji porini anafanyaje. Nilimwambia haiwezi kuisha ghafla, kwa sababu kioo cha mbele ya dereva kinaonyesha asilimia iliyobaki na kilomita zilizobaki. Anayekwama, nikasema kwa sauti ili Rupert asikie, ni yule asiyejua kusoma namba.

Jambo moja sikulisema pale kijiweni. Gari lile sikuwahi kulitoa nje ya Songea kuvuka Peramiho, na Peramiho ni kwenda na kurudi kabla chai haijapoa.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, nilimkuta Ashura amesimama mlangoni pa kibanda chake, simu mkononi, cherehani bado imefunikwa. Hata shikamoo yake ilitoka nusu. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Kaka yake, Saleh, amepiga simu kusema watazika leo baada ya swala ya alasiri. Mabasi ya Tunduru yalikuwa yameshaondoka tangu giza, na mume wake yuko Mbinga kwenye kahawa.

"Mwalimu, nataka nimwoshe mama mwenyewe," alisema. "Binti ni mimi peke yangu. Kule wataanza kuosha saa nane."

Rupert alitoka chini ya lori alilokuwa akitengeneza. Kwa mara ya kwanza hakusema sikiliza. Alisema pikapu yake ya dizeli ipo, ni mbovu mlango mmoja tu, na saa nane haitawakuta njiani. Mimi nikasema gari langu limechajiwa usiku kucha, lina kilomita mia tatu tisini na moja, na mpaka Namasakata ni kama mia mbili na sitini. Rupert akasema hizo ni kilomita za kwenye kioo. Nikamwuliza pikapu yake mara ya mwisho ilivuka Namtumbo lini. Akasema imevuka mara nyingi kuliko miaka yangu ya kustaafu. Watu wakasogea. Mmoja akataka kujua kama betri inapata moto kwenye milima, mwingine akauliza matairi. Tuliendelea hivyo karibu nusu saa, Ashura amesimama katikati yetu na mfuko wake wa nguo, mpaka akachoka kusubiri tumalize.

"Nitakwenda na Mwalimu," alisema. "Miezi yote hii ameeleza, na mimi nimemsikia."

Nakiri nilifurahi. Mwanamke kafiwa na mama, na mimi nilifungua mlango kama mtu aliyepewa zawadi mbele ya darasa. Rupert aligonga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja, akarudi chini ya lori lake.

Tuliondoka saa nne kasoro robo, chaji asilimia tisini na saba. Mjini nilikwenda vizuri. Tulipoiacha milima ya Matogoro nyuma yetu na barabara ikaanza kupanda na kushuka, nikaanza kutazama namba. Tulikuwa tumekwenda kilomita kumi na nane, lakini namba imeshuka kilomita thelathini na moja. Nilijiambia ni mlima. Tukashuka bonde, na namba ikapanda. Naapa ikapanda, kutoka mia tatu sitini kwenda mia tatu sitini na nne, na huku tunakwenda mbele. Najua kwa nini, breki za gari hili zinarudisha umeme kwenye betri, nimewaeleza watu jambo hilo mara mia. Lakini kuwaeleza watu ukiwa umesimama Mfaranyaki, na kuiona namba ikipanda na kushuka inavyotaka huku nyuma umembeba mtu mwenye msiba, nilikuta ni vitu viwili tofauti. Nilizima kiyoyozi. Nikapunguza mwendo mpaka hamsini. Malori yalitupita, na bodaboda yenye gunia la mkaa ikatupita.

Simu ikaita, Rupert.

"Mko wapi?"

"Tunakaribia Namtumbo."

"Sawa. Mimi sisemi kitu, Mwalimu. Ila mkishavuka Namtumbo, ni pori."

Akakata. Kama angenibishia ningemjibu, maana majibu ninayo. Hakubisha.

Namtumbo tuliingia saa tano na robo, chaji asilimia sabini na tisa. Nilisimamisha gari pembeni nikapiga hesabu. Asilimia moja ni kama kilomita nne. Sabini na tisa mara nne ni mia tatu na kumi na sita. Mbele yetu kilomita mia moja na tisini. Hesabu hii ningempa mtoto wa kidato cha kwanza na angeipata. Nikairudia, ikaja ileile. Kisha nikakata kona nikaingia kwenye gesti moja, nikaomba soketi.

"Haitoshi, Mwalimu?" Ashura aliuliza.

"Inatosha. Tunaongeza kidogo tu, kwa usalama. Nusu saa."

Mwenye gesti alikuwa mama mmoja mkarimu, alitutolea ekstensheni ndefu ikapita dirishani mwa chumba namba tatu. Umeme wa soketi ya nyumbani unaingia kwenye gari polepole kama maji kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba. Hilo nalijua. Baada ya nusu saa tulikuwa na asilimia themanini na moja. Nikasema tungoje kidogo.

Saa saba Saleh alipiga. Wanawake wote wamefika, wanamngoja Ashura. Ashura akamwambia wamngoje. Saa saba u nusu akapiga tena, na safari hii Ashura alikuja na simu mpaka niliposimama nikitazama kioo cha gari.

"Wanauliza waanze au wasubiri."

Kioo kilisema themanini na nane.

"Bado kidogo tu," nikamwambia. "Ifike tisini."

Mpaka leo sijui tisini niliitoa wapi. Haimo kwenye hesabu yoyote. Niliitaja tu, na nikishaitaja nikaona siwezi kuondoka bila kuifikia. Ashura alinitazama, akiwa bado anangoja nimweleze, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikieleza siku zote. Nilipogeukia kioo tena aliiweka simu sikioni, akasema maneno machache kwa Kiyao, ambacho sikijui.

"Nimewaambia waanze," alisema kwa Kiswahili.

Akarudi barazani akakaa, akaufunika uso kwa kanga. Nilitaka kuchomoa ule waya palepale. Nilisimama na mkono juu ya plagi, na sikuichomoa mpaka saa nane na dakika kumi, ilipofika tisini.

Njiani Saleh alipiga tena. Mama ameshavishwa sanda. Watamswalia baada ya alasiri, na kwa ajili ya Ashura shehe amekubali jeneza lisitoke nyumbani mpaka saa kumi na nusu, ili auone uso. Zaidi ya hapo hawezi.

"Tutawahi, inshallah?" Ashura aliniuliza.

"Tutawahi."

Na tungewahi. Lami ilikuwa tupu, imenyooka, jua halina ukali. Nilikanyaga mpaka themanini, nikaona ile namba ya kilomita inaanza kukimbia kushuka, na mguu wangu ukainuka wenyewe. Hamsini na tano. Nikakanyaga tena, ukainuka tena. Kwa saa moja nzima nilikuwa nagombana na mguu wangu.

"Mwalimu, haiwezi kukimbia kidogo?"

"Ikikimbia inakula chaji."

"Na chaji ikiliwa?"

"Tutakwama."

Alikuwa ameniuliza maswali mazuri na mimi nikamjibu ukweli wa kitabuni, na ukweli ule ulikuwa uongo mtupu mahali pale. Nilikuwa nauona uongo wenyewe kwenye kioo, kwa namba, na bado sikuziamini. Niliyeifundisha nusu ya wilaya kusoma mita nilikuwa sizisadiki mita zangu. Nilikuwa naogopa nini? Pori la kule lina vijiji, watu wanapita, simu inashika. Tungekwama, tungepanda lori. Labda sikuogopa kukwama. Labda niliogopa kukwama na Rupert akapata habari. Hata hilo sina hakika nalo.

Saa kumi na nusu ilitukuta kwenye mikorosho, bado lami haijaisha. Ashura alikuwa akisoma dua kwa sauti ndogo, na alipomaliza hakuanza nyingine.

Tulifika Namasakata saa kumi na mbili kasoro. Wanaume walikuwa wameketi kwenye majamvi, udongo wa kaburi bado uko kwenye nguo zao. Saleh alikuja mpaka dirishani, akamshika dada yake mkono, akasema walisubiri mpaka saa kumi na moja kasoro robo, shehe akasema mama naye ana haki yake ya kuzikwa mapema. Walidhani tumekwama. Ashura akaitikia kwa kichwa. Hakuteremka mara moja. Alikuwa anatazama kioo, mbele yangu.

"Mwalimu, hiyo arobaini na tano ndiyo chaji iliyobaki?"

"Ndiyo."

"Ingetufikisha wapi?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Ingeturudisha mpaka karibu na Namtumbo."

Alifunga kanga vizuri, akashuka. Wanawake walimpokea mlangoni, na hapo ndipo alipolia.

Mimi nilikaribishwa jamvini. Watu wa Namasakata ni wastaarabu, walinipa maji, wakanishukuru kwa kumleta mtoto wao, wakanipa pole ya safari. Baada ya muda macho yakaanza kwenda kwenye gari. Mzee mmoja mwenye kanzu aliuliza kama ni kweli halinywi mafuta. Nikasema ni kweli. Akauliza kama linaaminika kwa safari ndefu.

"Linaaminika," nikasema.

"Sasa lilikwama wapi?"

"Halikukwama."

Walinitazama, kisha wakatazamana, wakaningoja niendelee. Miezi minane sikuwahi kukosa neno juu ya gari lile. Nilifungua mdomo, na kutoka ndani ya nyumba nikamsikia Ashura akiwauliza wanawake ni nani aliyemshika mama kichwa wakati wa kumwosha, na kama maji yalikuwa na uvuguvugu, kwa sababu mama yake alikuwa hapendi kabisa maji ya baridi.