Upanga wa Mtu wa Mashoto

Nafuna aliufungua upanga kutoka kwenye leso kuukuu, akauweka mezani kwa Mzee Muiruri polepole, kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa. Alikuwa ameukumbatia vivyo hivyo kutoka Sarang'ombe mpaka Kawangware.

"Mama Phanice," Muiruri akasema, "hii kitu imepigwa grainda."

"Imepigwa, mzee."

Isaac, mdogo wake Nafuna, akacheka. "Si nilikuambia, dada? Hiyo ni panga ya sokoni Gikomba. Baba hakuvuka hata Mto Nzoia."

Jumamosi kaburi la baba yao, Lusweti, lilikuwa linawekwa jiwe kule nyumbani Bungoma, na fundi alikuwa anangoja maneno ya kuandika. Nafuna alitaka iandikwe kwamba baba alikuwa askari wa Mwingereza katika misitu ya Malesia. Isaac hakutaka uongo juu ya kaburi. Makaratasi ya jeshi yaliungua siku mtaa wa Soweto West uliposhika moto, nyumba ya Nafuna ikaenda nayo. Upanga tu ndio uliopona. Na Muiruri, kabla hajawa baba mwenye nyumba, alikaa miaka thelathini akitunza silaha za kale kwenye stoo ya makumbusho.

Mzee hakuwa na haraka. Aliupeleka mlangoni penye mwanga, akaupapasa mpini wa pembe.

"Hapa palikuwa na nywele?"

"Zilikuwepo. Nilizichoma. Akina mama wa kanisa walisema ni za maiti, zitaniletea mapepo."

"Na grainda je?"

Nafuna akainamisha kichwa. Baada ya kumzika baba alikuwa akiuza miwa Soko la Toi, na upanga ulimsumbua. Kila akikata, unateleza pembeni. Upande mmoja ulikuwa umebonyea, wa pili umevimba. Akaupeleka kwa Dalmas, fundi wa kunoa kwa grainda. "Ninyooshee hiki kilema," akamwambia. Dalmas akaunyoosha ukalingana pande zote, naye Nafuna akamshukuru sana.

"Umri siwezi kukuambia," Muiruri akasema. "Umri wa chuma unakaa kwenye ngozi yake, kwenye madoa na alama za nyundo. Huu mmeuchuna. Labda una miaka themanini, labda mia na zaidi. Atakayekutajia mwaka anakudanganya."

"Basi tumemaliza," Isaac akasema, akiinuka.

"Kaa chini, kijana." Isaac alikuwa na miaka hamsini na tisa, lakini alikaa. "Hapa karibu na mpini, jiwe la grainda halikufika. Mama Phanice, lete kidole."

Nafuna akagusa. Kibonyeo kilikuwepo, kidogo tu, kama alama ya dole gumba kwenye ugali. Akageuza, akakuta uvimbe.

"Wanaofua hivi ni Wadayak, watu wa Borneo. Mwingereza aliwapeleka Malesia wakamfuatie nyayo za maadui msituni. Gikomba hutapata hii." Muiruri akaugeuza tena. "Ila huu umenishangaza. Nimeshika kama kumi hivi, zote za mkono wa kulia. Huu uvimbe wake uko kinyume. Ulifuliwa kwa ajili ya mtu wa mashoto."

Isaac ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Baba alikuwa wa mashoto."

Hapo ndipo Nafuna aliposhika shavu. Baba alizoea kusema: "Kambini tulikuwa wawili tu wenye mkono huu, mimi na yule wa Borneo. Siku ya kuagana akaufungua upanga kiunoni, akanipa." Jina la yule mtu alilitaja kila mara. Siku wakwe walipokuja kwa posa ya binti yake Phanice, baba akaianza tena hadithi yake. Nafuna, na sufuria mkononi, akamkatiza mbele za watu: "Baba, acha uongo, wageni wana njaa."

Baba akatabasamu kidogo. Akanawa. Siku hiyo alikula kwa mkono wa kulia, mboga zikimwangukia shatini, na tangu hapo mpaka anakufa hakumtaja tena yule rafiki.

Nje, Isaac akatoa simu. "Dada, nimeshindwa. Nitamwambia fundi aandike askari, Malesia. Na huyo rafiki, tumweke pia. Aliitwa nani?"

Nafuna akafungua mdomo. Aliisikia sauti ya baba, akasikia hata kikohozi chake. Jina halikuwepo.

"Sikuwa nasikiliza, Isaac."

"Jaribu."

"Mwambie aandike 'na rafiki yake', halafu aache nafasi. Labda litanijia."

Jumamosi walilisimamisha jiwe likiwa na ile nafasi. Nafuna alipiga magoti akaifuta vumbi kwa leso, ingawa hapakuwa na herufi ya kufutwa.