Mrusho wa Themanini na Nne

Takwimu zilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo zilipojichongea. Ishirini, ishirini, ishirini, kumi na tisa, ishirini na moja, ishirini. Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Ushahidi kila alipowapa kisogo, aliisogeza karatasi ya binti mmoja kwenye mwanga wa dirisha akaisoma tena. Alijua pua yake haijawahi kumdanganya.

Kila mwanafunzi wa darasa la mtihani alitakiwa kurusha dadu nyumbani mara mia na ishirini, si pungufu, na kuhesabu kila uso umetokea mara ngapi. Dadu isiyo na hila hutarajiwa kutoa kila uso mara ishirini. Lakini kutarajia ni kitu kimoja, kuona ni kingine, na bahati haina adabu kiasi hicho. Wenzake walileta kumi na nne, ishirini na saba, namba zenye nywele timtim kama watu waliotoka kulala. Hizi za binti huyu zilikuwa zimechanwa.

Adhabu ya kughushi ilijulikana: sifuri kwa mradi mzima, na mwenye sifuri haketi kwenye mtihani wa mwisho. Fomu ilikuwa mezani, imebaki saini. Kanuni ilitaka mzazi aarifiwe kwanza, na barua mbili zilikuwa zimetumwa nyumbani bila kujibiwa.

"Ulirusha, au hukurusha?" alimuuliza binti baada ya vipindi.

"Tulirusha, Mwalimu."

"Wewe na nani?"

"Na mama."

"Haya, twende kwa mama."

Walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nyumbani kwa binti. Chumbani, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na kando yake kitanda. Mwanamke aliyelala pale alimtazama mgeni kwa macho yanayokaribisha, ila mdomo haukufuata. Mkono wake wa kulia ulikuwa kifuani, umekunja ngumi. Barua mbili zilikuwa juu ya kabati, hazijafunguliwa.

"Pole, mama," Mwalimu alisema, na fomu mkobani ikawa nzito ghafla.

Binti alieleza akiwa amesimama, kama anayejibu swali darasani. Kiharusi cha kwanza kilimpiga mama mwaka jana. Daktari wa viungo alisema aokote vitu vidogo, mkono urudi kwenye ushonaji. Wakaanza na vifungo. Mradi ulipokuja, mama akasema vifungo vimemchosha, lete hiyo dadu.

"Yeye alikuwa anarusha, mimi naandika. Akipata tano anacheka, anasema tano inampenda." Binti aliutazama ule mkono. "Tukafika themanini na tatu. Akaiokota, akaikunja mkononi, ndipo kikampiga cha pili. Wiki tatu leo."

"Kwa nini hukurusha mwenyewe zilizobaki?"

"Dadu anayo, Mwalimu. Hajaiachia. Muuguzi alitaka kumfumbua vidole, nikakataa."

"Zingine zote ukazitunga."

"Nilijaza zile zilizotarajiwa." Alimfunika mama vizuri. "Niliona zikitimia, itakuwa kama tulimaliza."

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kukaribishwa. Miaka kumi na tisa alikuwa akiuliza ushahidi uko wapi, na hakuna hata siku moja alipouliza unatoka chumba gani. Aliona aibu, aibu hasa, ile inayopasha masikio moto. Ni yeye aliyesema si pungufu, akalisema kwa majivuno, wakati hesabu yenyewe haikuwahi kudai hivyo.

"Karatasi ya kwanza unayo?"

Binti aliitoa chini ya godoro. Tisa, kumi na saba, kumi na moja, kumi na nne, ishirini na moja, kumi na moja. Mwalimu aligawa themanini na tatu kwa sita, akatoa, akazidisha, akajumlisha, midomo ikimcheza. Ikatoka saba na ushee. Mpaka wa jedwali, ambao ukivukwa ndipo dadu hushukiwa, ni kumi na moja.

"Hakuna ushahidi wa kutosha kusema dadu hii ina hila," alisema polepole, akimgeukia mama. "Hata hiyo tano, mama. Ni bahati tu."

Upande mmoja wa mdomo wa mama ulisogea kidogo.

Alikata mia na ishirini iliyoandikwa juu ya karatasi hiyo kwa kalamu yake nyekundu, akaandika themanini na tatu, akatia saini pembeni. Fomu ya adhabu aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Mwalimu," binti aliuliza, "hiyo aliyoishika inahesabiwa?"

Aliitazama ile ngumi. Uso mmoja wa dadu ulikuwa umelala kwenye kiganja, na hakuna ajuaye ni upi.

"Bado haijarushwa," alisema.

Akachukua rula ya binti, akachora chini ya mstari wa mwisho mstari mwingine. Pembeni akaandika 84, na mbele yake akaacha nafasi.