Gauni la Kijani la Bwana Thorley

Watu walisema kwamba wasichana wawili waliochorwa na Bwana Thorley kabla ya binti yangu walinyonyoka nywele. Keziah, jirani yangu muuza samaki, ndiye aliyeniletea maneno hayo. Nikamfukuza na umbea wake, lakini yalinikwama kooni kama mwiba.

Bwana Thorley ana mwaka wa pili anachora picha ile ile moja, kule Chelsea, London. Binti yangu Tamsin husimama mbele yake tangu asubuhi hadi saa kumi, kavaa gauni la kijani, hatikisiki.

"Mama, mimi ndiye malkia wake wa msituni."

"Malkia gani anatapika kwenye ndoo?"

Shingo yake imejaa vidonda, kucha zimegeuka kijani. Mimi ni dobi wa Lambeth, rangi nazijua. Rangi nzuri hushika kitambaa. Hii inamwaga vumbi kama unga, hata shimizi yake hurudi nalo nyumbani. Nikampelekea muuza dawa vumbi lile. "Arseniki hiyo," akacheka. "Sumu ya panya. Lakini mabibi wakubwa wanavaa dansini, wewe nani?"

Nikamwendea mchoraji. Hata kugeuka hakugeuka.

"Ah, mama dobi! Umeuona weupe wake? Huo ndio niliokuwa nautafuta. Usimlishe sana."

Usimlishe! Mwanangu!

"Basi nipe gauni nilifue, bwana."

"Thubutu! Likifuliwa rangi imekufa, na picha imekufa."

Nyumbani nikamsihi binti yangu asirudi kule, mpaka sauti ikakauka. Tamsin akanijibu, "Wivu tu, mama. Wewe nani alishawahi kukutazama?"

Alhamisi alirudi bado kalivaa gauni lenyewe chini ya koti. Hakuwa na nguvu hata ya kufungua vifungo. Nikamvua, nikamlaza nyuma ya pazia. Gauni nikalitia kwenye pipa la shaba, magadi tele, nikalichemsha mpaka likawa kama tambara la kudekia. Mikono yangu ilitoka malengelenge wiki tatu.

Asubuhi Bwana Thorley akaja mbio. Alipoliona akapiga magoti sakafuni, akalia, mzee mzima, kalikumbatia gauni limelowa.

"Umeniua, mwanamke! Umeniua!"

Akaondoka nalo.

Nyuma ya pazia Tamsin akauliza polepole, "Kaniulizia, mama?"

"Hapana."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Akageukia ukuta. Lakini jioni alikunywa supu ya njegere, bakuli zima, na hakurudi Chelsea tena. Nywele zake ni chache. Mimi bado hanisemeshi vizuri, na asinisemeshe, mradi anapumua.

Ninyi wenye mabinti, epukeni haya:

Kitambaa cha kijani kinachomwaga vumbi.

Maua ya kofia ya rangi hiyo hiyo, na karatasi za ukutani za rangi hiyo.

Kulamba brashi ya mchoraji yenye rangi hiyo ili ncha ichongoke.

Mtu anayemsifu mtoto wako kwa kupauka.

Kufua nguo hiyo kwa mikono mitupu.

Kuichoma jikoni, maana moshi wake nao ni sumu.