Subiri Kisu Kisimame

Tangu aache kufundisha lugha darasani na kuingia kwenye kazi ya kusanifu mafunzo, Mwalimu hakuwa amepata usingizi wa maana. Jina lenyewe lilimfuata hadi kiwandani, ingawa hakuwa tena na mwanafunzi mbele yake. Sasa aliandaa masomo mafupi ya kwenye simu. Wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji waliyasoma peke yao, wakajibu maswali, wakapewa alama. Kazi safi, kiti cha kuzunguka, hakuna vumbi la chaki. Ila alikuwa na hofu, na sababu yake aliijua. Darasani, mtu asipoelewa uso wake humsema. Anakunja ndita, anamtazama jirani, nawe unarudia kwa njia nyingine. Simu haikunji ndita.

Somo lake la kwanza lilihusu mashine ya kukatia karatasi, kongwe, yenye tabia mbaya ya kushusha kisu bila kuagizwa. Mwanzoni aliandika: "Vipande vikikwama, zima mashine, ngoja hadi kisu kiache kabisa kutembea, ndipo uvitoe." Bosi wake, mtu mwenye haraka hata akiwa ameketi, alisoma akaguna.

"Punguza maneno. Watu wanasoma kwenye simu, hili si gazeti."

Naye, mgeni kazini, bado yuko kwenye miezi ya majaribio, angebisha vipi? Akapunguza. Ikabaki: "Subiri kisu kisimame, ndipo utoe vipande." Bosi akasifu, na Mwalimu, tuseme ukweli, akavimba kichwa kidogo.

Asubuhi moja mdogo wake wa kike, aliyekuwa anaanza kazi kwenye mashine hiyohiyo, alipitia ofisini kwake ghorofani. Alikuwa na sare mpya iliyompwaya na mdomo wake uleule wa siku zote.

"Dada, somo lako mteremko. Nimepata zote."

"Lakini umelielewa?"

"Sasa lina nini la kuelewa? Kisu kikilala," akalaza mkono juu ya meza, "mikono mfukoni. Kikisimama," akauinua wima, vidole vikielekea darini, "naingiza mkono, nachomoa vipande. Huko chini wote wanasema hivyohivyo, kimelala, kimesimama. Lugha yao umeijulia wapi?"

Mwalimu akacheka. Mdogo mtu akatoka, akaenda zake kazini.

Kicheko kilikuwa bado mdomoni alipoitazama skrini. Wote walikuwa wamefaulu, hakuna aliyekosa hata swali moja. Mwingine angefurahi. Yeye aliuona tena ule mkono ulioinuka mezani. Aliposema kisimame alimaanisha kiache kwenda. Wao walisoma kiinuke. Alikuwa amewafundisha, akawatahini, akawapa alama zote, ili waingize mkono chini ya kisu kilichoinuliwa na mashine inawaka.

Akampigia mdogo wake. Simu iliita tu. Wakati wa kazi simu huachwa kabatini. Alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikamtoka, hakugeuka. Alikuwa akiomba Mungu ovyoovyo, maneno yanagongana, yeye mwalimu wa lugha.

Mlango wa chumba cha kukatia ulikuwa wazi. Mdogo wake alikuwa ameinama mbele ya mashine. Kisu kilikuwa juu, na mkono wake wa kulia ulikuwa unanyooka kuelekea kipande kilichokwama.

Hapakuwa na muda wa kuchagua neno. Likatoka lile la miaka yote ya darasani, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma kabisa.

"Mikono juu!"

Chumba kizima kikainua mikono. Msimamizi, wapakiaji, mdogo wake, hata fundi umeme aliyekuwa juu ya ngazi na koleo lake. Kisu kikashuka chenyewe, kikakata hewa, kikalala.

Mwalimu, mguu mmoja peku, alizitazama nyuso. Ndita zilikuwa zimekunjwa. Hawakuelewa, na walikuwa wakimsubiri aeleze.

"Dada," mdogo wake akasema kwa sauti ndogo, "tushushe?"

"Bado," alisema. "Zima mashine. Ngoja hadi kisu kiache kabisa kutembea."

Aliisema yote, ile ndefu, huku akilia. Kisha akairudia.