Kiti cha Evelthon

Angeshindwa na mgeni, Polykarpos angenyamaza. Lakini aliyemshinda kwenye uchaguzi wa Baraza la kutunga sheria la kisiwa ni Evelthon, binamu yake wa hapa hapa Larnaka, daktari wa meno, aliyenyonyeshwa naye katika nyumba moja.

Evelthon akirudi kutoka vikao vya Nikosia, mkahawa mzima ulisimama kumpokea. Polykarpos alibaki kitini, akichezea kikombe kitupu. Alipenda kutukumbusha kwamba Baraza lile ni kiini macho: tuwachague tuwachaguao, Waingereza walioteuliwa hushirikiana na wajumbe wa Waturuki dhidi ya wetu, na kura zikilingana gavana ndiye mwamuzi.

"Kama ni kiini macho," mkewe Despinou alimuuliza, "mbona unakitaka hivyo?"

Polykarpos aliendelea kuzunguka vijijini akinunua karuba za wakulima, yale maganda matamu ya mitini, kwa bei nzuri kuliko ya soko, akasimamia ubatizo wa watoto wa watu asiowajua, na kila ubatizo akauhesabu kura. Safari hii, alisema, Evelthon atarudi kung'oa meno.

Ikaja Oktoba ya mwaka thelathini na moja. Wajumbe wetu walijiuzulu kwa hasira ya kodi, watu wakaichoma nyumba ya gavana, na askari wakaja kumchukua Evelthon, apelekwe uhamishoni. Wanawake walimnyunyizia marashi kutoka madirishani. Wanaume wazima walilia. Polykarpos alisimama kando ya barabara akitazama pingu za binamu yake, na mimi niliyekuwa ubavuni pake niliona kijicho kile kile cha mkahawani.

Siku chache baadaye gavana akalifuta Baraza. Uchaguzi haukuwapo tena.

Polykarpos alivaa vizuri, akaenda kituo cha polisi. Alimwambia sajini kwamba na yeye ni mchochezi, akamatwe.

Sajini, mtu wa mtaani kwetu, alimtazama kwa huruma kidogo. "Bwana Polykarpos, tunakamata watu wanaosikilizwa. Wewe nani amekusikia?"

Alirudi kwa vichochoro. Nyumbani alimkuta Despinou akifunga jibini ya kumpelekea mke wa Evelthon, ambaye mlango wake ulikuwa umejaa wageni tangu asubuhi.

"Twende wote," Despinou alimwambia.

"Nenda wewe," akasema. Kisha, mkewe alipofika mlangoni, akamuuliza kama kweli wageni ni wengi.